Biasha Anacheza Rede

Biasha binti Hassani ni fundi cherehani, ana miaka thelathini na tisa, anakaa Mfaranyaki, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi naitwa Suzana, mama Mathias, nauza maandazi. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia habari zake, akakubali kwa sharti moja: nisijitoe kwenye hadithi, maana nimo, tena nimo pabaya. Basi nianze na hapo pabaya tupamalize. Baada ya hapo mambo yanachekesha, na mimi nikishaanza kucheka sisimulii vizuri.

Kwao ni Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kwenye mikorosho. Aliolewa na Daimu, fundi baiskeli, wakahamia Songea miaka mingi iliyopita wakiwa na binti yao Shakila mgongoni. Huku mtaani kwetu Wakatoliki tuko wengi, na Mwislamu aliyetoka Tunduru husikia maneno. Akichelewesha nguo siku mbili, ni kwa sababu Wayao ndivyo walivyo. Mtoto wa jirani akiugua, kuna mtu atauliza nani amehamia karibuni. Biasha alikuwa anayapokea kiutani, anayarudisha kiutani, huku mguu uko kwenye cherehani. Sare za shule za nusu ya mtaa zilitoka kwenye kibaraza chake, na mashati ya Mathias wangu yakiwemo. Halafu zikaja habari za mapigano ya ng'ambo ya Mto Ruvuma, huko Msumbiji, ya watu wenye silaha wanaojiita Waislamu, kila redio, kila simu, na ule utani ukachacha. Watu wakawa wanalitazama baibui lake kabla hawajamtazama yeye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi, miaka mitatu imepita sasa. Nilikuwa na beseni langu pale magari ya Tunduru yanapopakia. Biasha akaja na begi la shangazi kaja, lile la plastiki lenye mistari, akanunua maandazi matatu, akaniambia anakwenda kumwona mama yake, na amewabebea watoto wa madrasa ya kijijini kwao saa ya ukutani.

"Nimeijaribu dukani," alisema, "inapiga vizuri, hata ukiwa nje unaisikia."

Kwa hiyo mimi nilijua. Naomba mlikumbuke hilo.

Dakika kumi baadaye mpiga debe mmoja akalinyanyua lile begi alipandishe juu ya gari. Akasimama. Akaliweka sikioni. Akalitua chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akarudi kinyumenyume.

"Humu ndani kuna kitu kinahesabu," akasema. "La nani hili?"

Mtu akajibu, "La yule mama wa baibui." Mwingine akalisema neno lenyewe, bomu, na hapo hapakuwa tena na mtu wa kuuliza swali. Bodaboda mmoja alimwacha abiria wake kwenye pikipiki na kukimbia kwa miguu. Mzee mwenye fimbo alipanda juu ya magunia ya mahindi bila kusaidiwa na mtu. Na mimi, niliyeambiwa kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ndani mna saa, nilitupa koleo ya maandazi nikatimka, ndala moja nikaiacha.

Biasha naye alikimbia. Alisikia bomu kama tulivyosikia sisi, hakujua kwamba bomu ni begi lake. Akatukimbilia tuliko ili awe salama pamoja nasi. Sisi tukageuka upande mwingine, naye akageuka. Tukakata kona, naye akakata. Kadiri alivyozidi kutukimbilia ndivyo tulivyozidi kumkimbia, watu wazima tunapiga kelele kama kuku, mpaka akabaki peke yake katikati ya barabara, amenyoosha mikono juu, na hajui nani amemwambia ainyooshe.

Begi likaja kufunguliwa na watu wenye mamlaka ya kufungua. Wakatoa khanga mbili, sukari, dawa ya miguu ya mama yake, na saa. Ilikuwa inaonyesha saa tatu na robo, sawasawa kabisa. Watu wakacheka kwa jinsi hofu ilivyowatoka, na mimi nilicheka kule nilikokuwa. Hakuna aliyemwambia samahani. Gari likaondoka bila yeye, kwa sababu abiria wawili walisema hawawezi kukaa naye. Jumatatu yake watoto wa mtaa walikuwa wameshampa jina: Mama Bomu.

Hapo ndipo alipoanza kuugua, na mwanzoni hakuna aliyejua kwamba ni kuugua. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama mtu anayepanda mlima, na yeye ameketi. Vidole vikatetemeka, akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa anafika mlangoni, anatoa mguu mmoja nje, anaurudisha. Darsa la wanawake akaliacha. Nguo za watu zikalundikana. Katika sala alikuwa anasahau yuko rakaa ya ngapi, akawa anaanza upya, na hilo ndilo lililomuumiza kupita lile jina. Alijiona imani yake imevuja.

Daimu akamwita Ustadhi Abuu wa madrasa ya hapa mtaani, aje amsomee Kurani. Ustadhi akaja alasiri tatu mfululizo. Siku ya tatu akamuuliza, "Mama Shakila, unajisikiaje?"

"Unaposoma ninatulia, Ustadhi. Ukiondoka inarudi."

"Basi kusoma hatuachi. Ila kesho nenda hospitali. Yuko nesi wa mambo ya afya ya akili, anaitwa Kunegunda. Mwambie mimi nimekutuma."

Daimu akakunja uso. "Ustadhi, mke wangu si kichaa."

"Na mimi je?" Ustadhi akauliza.

Ustadhi akaendelea:

"Alipofariki mdogo wangu nilikwenda kwa yule mama miezi minne. Nilikuwa nasalisha watu na sijui nimesoma sura gani. Wewe Daimu, jino lilipokuuma mwaka jana, uliniita nikusomee au ulikwenda kung'oa?"

"Nilikwenda kung'oa."

"Haya."

Nesi Kunegunda ni Mngoni wa Maposeni, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ana rozari shingoni na sauti ya chini. Biasha ameniambia kwamba alipoiona ile rozari alitaka kugeuza. Akasema "Shikamoo" akiwa bado amesimama mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, unapouona mlango."

Hicho ndicho kitu alichokuwa anakitaka bila kujua, kuuona mlango. Akakaa, akaeleza yote, saa nzima. Kunegunda hakumwambia asamehe, wala hakumwambia asahau. Alimwambia hivi: "Hujarogwa, na imani yako haijapungua. Watu walikutisha na kukudhalilisha, na mwili wako bado unakimbia kwa sababu siku ile haukufika popote."

Akamfundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Akampa kazi ya kutembea: leo mpaka getini, wiki ijayo mpaka duka la kwanza, asiruke hatua. Akamkataza kukaa na jambo hilo peke yake. Na alipokwenda mara ya tano akamuuliza swali ambalo Biasha hakulitarajia.

"Ulipokuwa mdogo, ulikuwa unakimbia lini kwa raha?"

Biasha akafikiri. "Kwenye rede," akasema, na aliposikia mdomo wake unasema rede akaanza kucheka. Alikuwa hajacheka miezi miwili.

Kama hukukulia huku, rede ni mchezo wa wasichana. Wawili wanasimama pande mbili na kurushiana mpira wa soksi, wanakusudia kumpiga aliye katikati. Aliye katikati anakwepa, na hapohapo anainama kujaza mchanga kwenye chupa. Ukijaa anapaza sauti, "Rede!", anaumwaga, anaanza tena. Akipigwa na mpira anatoka. Hakuna zaidi ya hapo, lakini mtu anaweza kuucheza tangu mchana mpaka mama yake amfuate na mwiko.

"Basi cheza," Kunegunda akasema.

"Nesi, nina miaka thelathini na sita."

"Sikukuuliza miaka."

Alimwambia kwanza Zulfa, muuza dagaa, na Asma, mwalimu aliyekuwa hana kazi. Zulfa akauliza kama hiyo ni dawa ya hospitali kweli. Wakaenda kwa Ustadhi Abuu kuomba ule uwanja wa nyuma ya madrasa, uliozungushiwa mabati. Ustadhi akawasikiliza kwa makini, akauliza kama mpira utavunja kioo, akaambiwa ni wa soksi, akawapa ufunguo. Jumamosi baada ya alasiri, wanaume wasipite.

Siku ya kwanza walikuwa watatu. Wakapandisha mabaibui wakayafunga kiunoni, chini wamevaa suruali na raba. Zulfa alirusha mpira wa kwanza ukaenda nyuma yake mwenyewe. Wa pili ukampata Asma puani. Biasha alikuwa katikati, ameshika chupa ya maji, mchanga hata kijiko kimoja hajaweka, amekaa chini anacheka mpaka hawezi kuinuka, na Asma akapata kwikwi iliyodumu hadi magharibi. Walirudi nyumbani wakishikana kama walevi, na maji tu ndiyo waliyokuwa wamekunywa. Daimu, alipomwona mkewe anaingia na vumbi kichwani na hijabu imekwenda upande, alidhani ametukanwa tena, akachukua spana atoke nayo. Ilibidi Biasha amkalie mguu ndipo aweze kumweleza.

Mwezi haujaisha, wakafika kumi na wanne. Wake za wafanyabiashara, mama lishe, bibi mmoja wa miaka sitini na miwili aliyekuwa anakwepa mpira kwa kusimama tu na kuukazia macho. Na baada ya mchezo walikuwa wanakaa kwenye mkeka, wanahema, na hapo maneno yalikuwa yanatoka yenyewe. Zulfa alinyimwa vyumba vitatu vya kupanga, mwenye nyumba wa mwisho akamwambia wazi kwamba anaogopa uchawi wa Wayao. Asma aliambiwa kwenye usaili wa shule moja ya binafsi kwamba kazi ipo, ila kile kitambaa kibaki nyumbani. Alikuwa hajamwambia hata mumewe. Kila Jumamosi ilikuwa na yake. Wengine walilia, wengine walikasirika mpaka wakataka warudi uwanjani wampige mtu mpira.

Asma ndiye aliyeleta sheria ya mkeka. Neno "vumilia" lilipigwa marufuku. Atakayemwambia mwenzake avumilie, anakwenda kuokota mipira yote wiki inayofuata. Yule bibi wa miaka sitini na miwili aliokota mipira wiki tatu mfululizo kabla hajaizoea sheria.

Nesi Kunegunda akawa anakuja mara moja kwa mwezi, anavua viatu, anakaa nao. Anawaeleza namna ya kujua kwamba huzuni imepita kiasi, na mahali pa kwenda ikipita. Wawili kati yao walikuja kutibiwa, mmoja kwa dawa kabisa, na yule wa dawa ndiye golikipa wetu sasa, ingawa rede haina golikipa. Amejiteua. Kuhusu ile shule, Asma na Ustadhi Abuu waliandika barua ya malalamiko, wakaipeleka kwa mkono panapohusika. Kazi ile hakuipata. Alikuja kupata nyingine, ya shule ya serikali, na anafundisha hisabati akiwa na kitambaa chake kichwani.

Sasa naingia mimi.

Njia yangu ya kurudi nyumbani inapita kando ya yale mabati. Nilikuwa nasikia vicheko humo ndani na napita haraka, kwa sababu katika vicheko nilikuwa naisikia sauti ya Biasha, na tangu siku ile nilikuwa simtazami. Nguo za Mathias nilipeleka kwa fundi mwingine, akazishona mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nikawa naona ni haki yangu.

Jumamosi moja mpira ukaruka mabati ukatua kwenye beseni langu, katikati ya maandazi yaliyobaki. Geti likafunguliwa. Akatoka Biasha, anahema, amefunga baibui kiunoni, jasho linamtiririka. Akaniona, akasimama. Mimi nilikuwa nimeshika mpira wa soksi mkononi na sukari mpaka kwenye kiwiko.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa ajili ya siku hiyo. Yaliyotoka ni haya: "Mama Shakila, siku ile mimi nilikimbia."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma yako."

"Na nilijua ni saa. Ulikuwa umeniambia."

"Najua vilevile. Nilikuwa nakufuata wewe, mama Mathias. Kati ya wote pale, ni wewe peke yako niliyekuwa nakufahamu."

Nikatua beseni chini, nikakaa kando yake kwenye vumbi, nikalia, mtu mzima, barabarani. Nikamwomba msamaha, mara tatu nadhani. Akanisikiliza. Hakuharakisha kusema imekwisha, na namshukuru kwa hilo, maana ilikuwa haijaisha. Akaketi upande wa pili wa beseni. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia naye, kumbe anacheka.

"Lakini una mbio wewe," akasema. "Sijaona mwanamke mwenye mbio kama zako. Kwenye kona ya duka la mbolea nilidhani umeshafika Mbinga."

Nikajaribu kutocheka, nikashindwa. Kutoka ndani Zulfa akauliza mpira umekwenda Tunduru au uko wapi. Biasha akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaniambia, "Ingia. Watu wenye mbio tunawahitaji." Niliingia na beseni langu. Ndani walikuwa wanangoja wanawake kumi na watatu, na wengine walinitazama vile ninavyostahili kutazamwa. Biasha akasema, "Huyu ni mama Mathias, ndiye yule niliyewaambia." Kumbe walikuwa wananijua. Wakaniweka katikati. Naapa sijawahi kupigwa mipira mingi vile na kwa nguvu vile, wala sijawahi kufurahi kiasi kile.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nesi Kunegunda akatualika kwao Maposeni tukacheze na wanawake wa huko. Tulikodi Canter, tukakaa nyuma kwenye magunia matupu, tukaimba kaswida na baadaye nyimbo za kwaya, na baadaye mchanganyiko ambao Ustadhi Abuu na paroko wangu wote wawili wasingeupenda. Tukafika tukiwa hatuna sauti.

Tulisimama dukani kununua maji. Mzee mmoja mwenye duka, Otto, akawatazama wenzangu wakishuka, akamwuliza dereva kwa sauti ya kusikika, "Hawa waliojifunika wametoka wapi? Wamekaguliwa?"

Nilimwona Biasha anashika ubao wa gari. "Umeanza," akamwambia Zulfa, maana yake moyo. Zulfa akamshika kiganja. Biasha akaketi kwenye ngazi ya duka mahali anapoona barabara, akavuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, nasi tukamzunguka tukinywa maji, hakuna aliyemharakisha. Baada ya muda akainuka, akamfuata yule mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Hatujakaguliwa. Tumebeba chupa tupu na mpira wa soksi. Karibu ukague. Ila kwetu anayeugusa mpira lazima acheze."

Mzee Otto akamtazama, akautazama mpira, akaingia ndani ya duka lake akafunga nusu ya mlango. Msamaha hakuomba, na mpaka leo hajaomba. Biasha aligeuka kwetu akiwa amebana midomo, akafika nyuma ya Canter, na hapo akapasuka kwa kicheko, sisi sote nyuma yake, hadi mmoja wetu akaangusha maji aliyonunua.

Kuhusu mchezo wenyewe, wanawake wa Maposeni ni wakulima wa mahindi na mikono yao si ya kuchezea. Nahodha wao, Oliva, anarusha mpira kama anavurumisha jiwe la kufukuza ngedere. Tulitoka mmoja mmoja. Mimi nilitolewa na mpira wa kwanza. Ulizuka ugomvi mkubwa: mpira ukigusa baibui bila kugusa mwili, mtu ametoka au hajatoka? Asma akasema baibui ni nguo, si mtu. Oliva akasema basi na yeye kitenge chake si mtu, wala blauzi yake si mtu, na kwa hesabu hiyo hakuna atakayetoka mpaka Krismasi. Kunegunda akaitwa kuamua, akasema yeye ni nesi. Mwishowe tulikubaliana kwamba nguo yoyote inahesabika, ya Mwislamu na ya Mkristo. Biasha alijaza chupa mara tano. Kila alipopaza sauti "Rede!" wanawake wa pande zote mbili walipiga vigelegele, wa Maposeni wakiwa wamesahau kwamba wanashindwa. Hawakushindwa lakini. Walitufunga kwa chupa mbili, wakatulisha ugali na kuku aliyechinjwa na Daimu, aliyeletwa kwa kazi hiyo moja na akaifanya kwa majivuno makubwa.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani Biasha amepona kama mtu anayepona mafua. Zipo siku mguu unarudi ndani ya mlango. Wapo watu ambao bado wanahama kiti. Siku hizo anatuma ujumbe wa neno moja kwenye simu zetu, na anayeweza anakwenda kukaa naye kibarazani. Alhamisi anapita hospitali kwa nesi Kunegunda, si kwa ajili yake tena, bali kukaa kwenye benchi na wanawake wanaokuja mara ya kwanza na baibui limeshushwa mpaka machoni kwa aibu. Anawaambia jina lake na kwamba yeye pia aliugua. Wengine anawaleta Jumamosi.

Cherehani inafanya kazi mchana kutwa. Amebuni vazi la mchezo, gauni refu lenye suruali yake na kitambaa cha kichwa kisichoteleza hata ukijirusha chini, na oda zimefika mpaka Peramiho. Oliva ameagiza la kwake, lenye kitambaa cha kichwa na yote, anasema jua la Maposeni halichagui dini. Jana na mimi nilikwenda kupimwa. Biasha alikuwa na pini mdomoni na futi kamba shingoni, akaniambia nisimame wima, niache kucheka, maana hapati kipimo cha kiuno. Nilishindwa kuacha, ikabidi akisie.